Kitufe kisicho na jina kifanywe nini?

Kama unatumia mfumo endeshi wa Linux na kibodi yako ina kitufe kimoja cha ajabu ajabu, kibonyeze kisha ufungue kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha mfumo huo. Huenda ukakuta mistari miwili mipya. Wa kwanza unasema kuna kitufe kisichojulikana kimebonyezwa na unataja namba yake, tuseme 0xd9 (imeandikwa kwa mtindo wa kuhesabu kwa kumi na sita, wenye tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F). Wa pili unakupa amri ya kuandika, setkeycodes e059, ikifuatiwa na namba ya kitufe unachotaka kiwe, ili kuanzia hapo kitambulike.

Naipenda mistari hiyo. Ni nadra kukuta programu inayokiri kwamba haijui, inayotaja kile kidogo inachokijua, halafu ikakupa njia ya kuifundisha. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa mahali ambapo aliyebonyeza hafiki. Yeye alibonyeza kitufe chenye picha ya kipaza sauti, hakikutokea kitu, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, akakata shauri kwamba kibodi ni mbovu. Hata akiambiwa kuhusu amri ile, inataka mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na kompyuta ikizimwa na kuwashwa yote yamefutika.

Kwa hiyo mfumo endeshi ufanye nini ukipokea kitufe usichokijua? Nimelitafakari jambo hili muda mrefu kuliko inavyopendeza kukiri mbele ya watu, na kadiri ninavyochimba ndivyo ninavyoona kwamba mifumo mingi imeshajibu swali hili kwa mazoea, bila kukaa chini kuamua.

Tuanze na kibodi yenyewe. Kibodi haitumi herufi, hutuma namba. Ile ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na vitufe 83, kila kimoja na namba yake, 1 hadi 83. Ukibonyeza, namba inatumwa. Ukiachia, inatumwa ileile ikiwa imeongezwa 128. Kwa kuwa kila namba husafiri ndani ya baiti moja, yenye nafasi ya 0 hadi 255, hesabu hiyo inaacha nafasi isiyozidi namba 127, na wakati ule bila shaka zilionekana za kumwaga. Kisha ikaja kibodi ya vitufe 101, yenye mishale inayojitegemea, Ctrl ya pili upande wa kulia, na Enter ya pili kwenye kundi la tarakimu. Ingekuwa rahisi kuvipa vitufe hivyo namba mpya kabisa. Badala yake, mshale wa juu ulipewa namba ya 8 ya kwenye kundi la tarakimu, kwa sababu kabla ya hapo hicho ndicho kitufe kilichopandisha kishale, na mbele ya namba hiyo ikawekwa baiti E0. Programu ya zamani isiyojua maana ya E0 iliweza kuiruka, ikaona 8 ileile iliyoizoea, ikapandisha kishale. Programu mpya iliona baiti zote mbili na kutofautisha.

Yaani kitufe kipya kilikuja kikiwa kimebeba majibu mawili: mimi ni nani, na kama hunijui, unichukulie kuwa nani. Sidhani kama kuna kitu bora zaidi kilichofanyika katika eneo hili tangu wakati huo. Mbinu yenyewe ilikuwa na gharama zake, bila shaka. Kitufe cha Pause kilizaliwa kituko: kinatuma baiti sita mfululizo, E1 1D 45 E1 9D C5, na hakitumi chochote ukikiachia. Ukizichunguza baiti hizo utaona 1D na 45, ambazo ni Ctrl na NumLock, kwa kuwa kwenye kibodi ya kwanza ndivyo watu walivyosimamisha mambo. Hata kituko kile kilikuwa na asili.

Vitufe vilivyofuata havikuwa na asili ya kurithi. Kitufe cha Windows cha miaka ya 1990 kilipewa E0 5B, na baada yake vikaja vya kuongeza sauti, vya kufungua kikokotoo, vya kuzima kipaza sauti, vya kupunguza mwanga wa skrini. Hapo ndipo swali letu lilipoanza kuuma, na hapo ndipo inapobidi kuuliza swali dogo ndani yake: kitufe hakijulikani kwa nani?

Maana kati ya kidole na programu kuna ngazi kadhaa, kila moja na jedwali lake. Kuna programu iliyochomwa ndani ya kibodi. Mara nyingi Fn huishia hapo, na mfumo endeshi haupati hata habari kwamba umeigusa. Kuna programu kiendeshi ndani ya kerneli. Kuna vitufe vya kompyuta mpakato ambavyo kwa umeme ni sehemu ya kibodi lakini taarifa zake hupita mlango mwingine kabisa, ACPI au WMI (njia za vifaa vya ndani kuzungumza na mfumo endeshi), na kila mtengenezaji ana namba zake. Kuna mfumo wa madirisha. Kuna programu unayotumia. Kitufe kinaweza kutambuliwa vizuri kabisa kwenye ngazi tatu, kikafia kwenye ya nne.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kuzima kipaza sauti. Kerneli ya Linux inakijua kitufe hicho, imekipa jina na namba 248. Lakini X11, mfumo wa madirisha ulioanzia mwaka 1987, hubeba namba ya kitufe ndani ya baiti moja, na kwa makubaliano ya zamani kila namba ya Linux huongezwa 8 kabla ya kuingia huko. 248 na 8 ni 256. Baiti moja inaishia 255. Kitufe kimekosa nafasi kwa namba moja tu!

Dawa iliyopatikana ni ya kimagendo. Kwa kompyuta nyingi, jedwali la chini linaambiwa kwamba kitufe cha kuzima kipaza sauti ni F20. F20 inapita bila tatizo, na huko juu jedwali jingine linaambiwa kwamba anayejiita F20 kwa kweli ni kipaza sauti. F21 ikapewa kazi ya kuwasha na kuzima padi ya kugusa, F22 ya kuiwasha, F23 ya kuizima. Ilikuwa werevu wa kutoka kwenye shida, na ilifanya kazi kwa sababu kila mtu aliamini kwamba hakuna kibodi yenye F20 halisi. Kumbe zipo. IBM ilitengeneza kibodi za vitufe 122, zenye safu mbili za F1 hadi F24, na siku hizi watu wanaojitengenezea kibodi huvipenda vitufe F13 hadi F24 kwa sababu ileile: wanaamini hakuna programu inayovitumia. Mtu wa namna hiyo anabonyeza F20 yake akitarajia kufungua faili fulani, na kipaza sauti kinazimika katikati ya mkutano.

Halafu mwaka 2024 Microsoft ikatangaza kitufe cha Copilot, msaidizi wake wa akili bandia. Kibodi ya USB ina uwezo wa kutaja vitufe kwa maelfu, ina kurasa nzima za namba kwa ajili ya vitufe vya vyombo vya burudani, na kurasa nyingine zilizoachiwa watengenezaji. Kitufe kipya hakikupewa hata namba moja humo. Ukikibonyeza, kibodi inadai umebonyeza Shift ya kushoto, Windows ya kushoto na F23 kwa pamoja. Kabla yake, kitufe cha Office kilifanya vivyo hivyo, kikijifanya ni Ctrl, Shift, Alt na Windows kwa mpigo. Sababu inaeleweka: mchanganyiko wa vitufe vya kawaida hupita kila ngazi bila kuombwa kitambulisho. Ila sasa, kwenye Linux, F23 ilikuwa imeshapewa maana ya kuzima padi ya kugusa. Vitufe viwili vilivyovaa ngozi ya mwingine vikakutana kwenye ngozi moja, na ikabidi jedwali liongezewe kanuni ya kuvitenganisha.

Na mwenye kitufe hicho akitaka kukibadilisha, tuseme kirudi kuwa Ctrl ya kulia maana kwenye kompyuta nyingi ndicho kilichoikalia nafasi yake, hana kitufe kimoja cha kubadilisha. Ana vitatu, na viwili kati ya hivyo anavihitaji kila siku. Huo ndio ubaya wa kujificha: ukishakubali kupita kwa jina la mtu mwingine, hakuna atakayeweza kukuita kwa lako.

Mbinu ya E0 nayo ilikuwa kusimama badala ya mwingine, mtu atasema. Ni kweli, lakini tofauti ni kubwa. Pale utambulisho halisi ulitumwa kwanza, na mbadala ukawa kwa asiyejua. Android ina kitu kinachofanana na hicho. Programu hupewa kwanza kitufe chenyewe. Ikikikataa, mfumo unatazama jedwali na kutuma mbadala uliotajwa humo waziwazi. Kitufe cha A cha kidhibiti cha michezo, kwa mfano, hugeuka kuwa kitufe cha kuchagua, na B hugeuka kuwa cha kurudi nyuma, lakini ni baada tu ya programu kusema haina haja navyo. Mpangilio huo wa nani atangulie ndio kila kitu.

Kuna ngazi moja ambako mambo ni mabaya kwa namna yake ya pekee, nayo ni dirisha la amri. Huko vitufe vingi visivyo herufi husafiri kama mfuatano wa herufi: Esc, mabano ya mraba, tarakimu moja au mbili, kisha alama ya ~. Programu inayosoma isipoufahamu mfuatano, hula sehemu ya mbele na kuacha mkia. Ndiyo maana ukibonyeza F fulani unaona ~ imejiandika kwenye mstari wako kama aliyekosea njia. Ndani ya vi, programu ya kuhariri maandishi, mambo yanaweza kwenda mbali zaidi, kwa sababu Esc humaanisha toka kwenye kuandika, na ~ humaanisha badili herufi ndogo iwe kubwa au kubwa iwe ndogo. Kitufe ambacho hakuna aliyekijua kimeharibu neno kwenye faili lako.

Kinachoniudhi ni kwamba hili halikuwa la lazima. Kiwango cha ECMA-48, ambacho mifuatano hiyo mingi inakifuata, kimepangwa ili msomaji ajue mfuatano unaishia wapi hata kama haelewi maana yake: baiti za kigezo zina eneo lao, baiti ya mwisho ina eneo lake. Unaweza kuuruka mzima bila kumwaga hata tone. Readline, maktaba ambayo Bash, programu inayopokea amri kwenye dirisha hilo, hutumia kusoma unachoandika, ina hata kitendo mahususi cha kufanya hivyo, skip-csi-sequence, lakini kwa kawaida hakijafungwa na kitufe chochote. Lazima ujue kipo, ukifunge mwenyewe. Ningekuwa na mamlaka, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekigeuza kuwa cha kawaida.

Upande wa pili kuna kimya. Vivinjari vinajua kusema Unidentified pale visipotambua kitufe, na huo ni uungwana, ila havikupi namba yake, kwa hiyo ukurasa unajua kuna kitu kimebonyezwa na hauwezi kutofautisha kisichojulikana hiki na kile. Ukishafika hapo hakuna pa kwenda. Kerneli ya Linux imefanya vizuri zaidi: kitufe kinapobonyezwa, pamoja na jina lake hutumwa pia ile namba ghafi iliyotoka kwenye kifaa. Hata jina likiwa ni lile la kisichojulikana, ambalo lina namba yake rasmi, 240, namba ghafi ipo pembeni. Vitufe viwili visivyojulikana havichanganyiki. Basi tu, taarifa hiyo haipandi hadi juu kwa mwenye kompyuta.

Ninachotaka mimi, kwa hiyo, hakihitaji teknolojia mpya. Kitufe kisichojulikana kipande ngazi zote kikiwa na vitu viwili: namba yake ghafi na utambulisho wa kifaa kilichoituma. Hakuna ngazi inayoruhusiwa kukigeuza kuwa kitu kingine, na hakuna inayoruhusiwa kukitupa. Kikifika juu kabisa na programu iliyo mbele haikukitaka, mfumo uonyeshe taarifa ndogo, mara ya kwanza tu kwa kila kitufe: kibodi yako imetuma kitufe tusichokijua, ungependa kifanye nini? Ukipuuza, yaishe. Kitabaki kwenye orodha ndani ya mipangilio, siku ukikihitaji.

Najua wapo watakaoguna kusikia habari ya mfumo kuuliza. Dirisha linaloruka usoni katikati ya kuandika ni adha, na silitetei. Taarifa isichukue kishale chako, isifunike kitu, isitoe sauti. Lakini kuuliza si ujinga. Mfumo wa macOS umekuwa ukifanya hivyo: ukichomeka kibodi usioifahamu, unakuomba ubonyeze kitufe kilicho kulia kwa Shift ya kushoto, na kwa majibu ya namna hiyo unajua mpangilio wa vitufe ni wa namna gani. Kifaa hakikuweza kujieleza, mtu akaulizwa, mambo yakaenda. Sielewi kwa nini ustaarabu huo uishie siku ya kwanza ya kuchomeka.

Sasa yale magumu, maana yapo.

La kwanza ni kwamba mfumo usidhani kila kitufe kina kuachiwa. Vitufe vya Hangul na Hanja kwenye kibodi za Kikorea za mtindo wa zamani hutuma namba vinapobonyezwa, halafu kimya. Kompyuta mpakato nyingi zina vitufe vya sauti au mwanga vyenye tabia hiyohiyo, na jedwali la vifaa linalokuja na systemd, programu inayoendesha huduma za msingi kwenye mifumo mingi ya Linux, lina alama ya mshangao ya kuweka mbele ya jina la kitufe, yenye maana kwamba mfumo wenyewe ujifanyie kuachia. Pasipo hivyo kitufe huonekana kimeshikwa milele na kinajirudia bila kukoma. Kwa kitufe usichokijua huna namna ya kufahamu kama ni cha aina hiyo. Kwa hiyo kisijirudie kamwe mpaka mwenyewe aseme kijirudie.

La pili linavunja moyo kidogo: si kila namba inayotoka kwenye kibodi imetokana na kidole. Kidhibiti kilichomo ndani ya kompyuta mpakato wakati mwingine hutumia njia ya kibodi kutangaza mambo yake, mathalani kwamba chaja imechomekwa au mwanga wa skrini umebadilika. Mfumo ukiuliza kila mara, utakuwa unamuuliza mtu kuhusu kitufe ambacho hakubonyeza. Hii ndiyo sababu pekee inayonifanya niwahurumie walioamua kunyamaza. Jibu langu ni kwamba kwenye ile taarifa kuwe na jibu la tatu, sikubonyeza kitu, na namba hiyo isiulizwe tena.

Kutokana na hilo nimelazimika kubadili mawazo juu ya skrini iliyolala. Nilikuwa naamini kitufe chochote, kijulikane kisijulikane, kinatosha kuiamsha, kwa kuwa kinathibitisha kuna mtu. Hakithibitishi. Kompyuta iliyo ndani ya begi inaweza kutuma namba yenyewe, ikaamka humo, ikachemka hadi betri ikaisha. Basi kisichojulikana kisiamshe. Kwa mtu aliye mbele ya kompyuta hasara ni ndogo, atabonyeza kingine. Ila akishakipa kitufe jina, kiwe na haki sawa na vingine vyote, pamoja na haki ya kuamsha.

Kwenye skrini iliyofungwa kwa nywila sheria iwe kali zaidi: kisichojulikana kisiongeze hata nukta moja kwenye kisanduku, na taarifa ya kuuliza isitokee hapo. Nadhani hili halihitaji maelezo.

Kiwango cha USB, kwa taarifa yako, kina namba ya makosa inayoitwa ErrorUndefined, namba 3 katika ukurasa wa vitufe, ikitanguliwa na namba 1 ambayo kibodi hutuma inapobonyezwa vitufe vingi kuliko inavyoweza kuhesabu. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi nikidhani nimepata hoja. Siyo. Hiyo ni kibodi ikilalamikia matatizo yake yenyewe. Anayekosa kujua katika habari yetu ni mpokeaji, na mpokeaji hana namna ya kuijibu kibodi na kuiuliza juu ya kitufe chake kumechorwa nini. Kibodi ya USB hujieleza inapochomekwa, inasema nina vitufe vya kuanzia namba hii hadi namba hii, lakini kuhusu picha iliyo juu ya plastiki haisemi neno. Anayeiona picha hiyo ni mtu peke yake.

Ndiyo maana jibu lake lina thamani kubwa kuliko kwa kompyuta yake tu. Lile jedwali la systemd limejengwa kwa michango ya watu kama hao: kila mstari ni modeli fulani, namba ghafi fulani, na jina ambalo mtu mwenye kifaa hicho alilithibitisha kwa macho. Lakini kuchangia leo kunataka ujue kusoma namba ghafi, uandike faili kwa sintaksia yake, uitume kwa wanaotunza mradi. Wengi wenye kifaa hawawezi, na wanaoweza hawana kifaa. Mtu akishajibu ile taarifa ndogo, mstari umekamilika. Kilichobaki ni kumwomba ruhusa ya kuutuma. Na auone mbele yake kabla haujaondoka, ili asadiki kwamba ndani yake mna modeli ya kifaa, namba ya kitufe na jina alilolichagua, na hamna herufi hata moja kati ya alizoziandika siku hiyo.